Tasnifu za Mlimani: Historia ya Masomo ya Uzamili ya Sheria Dar es Salaam

Historia ya elimu ya sheria Afrika Mashariki husimuliwa kwa kawaida kuanzia Oktoba 1961, pale Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofungua milango yake kikiwa na kitivo kimoja tu, Kitivo cha Sheria, ndani ya jengo la chama cha TANU katika Mtaa wa Lumumba. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanahusu shahada ya kwanza, yaani ile inayompa kijana maarifa ya msingi ya kumwezesha kuwa wakili, hakimu au mwanasheria wa serikali. Shahada za juu, yaani shahada ya uzamili, ambayo mwanasheria huisomea baada ya ile ya kwanza ili abobee katika tawi fulani la sheria, na shahada ya uzamivu, ambayo humtaka aandike tasnifu yenye kuongeza maarifa mapya, zilipita njia nyingine iliyokuwa ndefu zaidi. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, Mtanzania, Mkenya au Mganda alisoma nyumbani ili aijue sheria, kisha akaenda ng'ambo ili atambuliwe kuwa msomi wa sheria hiyo hiyo. Ni pale tasnifu zilipoanza kuandikwa Mlimani, yaani katika chuo hicho cha Dar es Salaam, chini ya wasimamizi waliofanya kazi na kuishi huko huko, ndipo sheria ya Afrika Mashariki ilipopata vitabu vyake, mijadala yake na wakosoaji wake.

Safari ya kutafuta elimu ya juu ya sheria, hata hivyo, haikuletwa na wakoloni. Katika mwambao, fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu inayohusu ibada, ndoa, mirathi, biashara na hukumu, ilifundishwa misikitini na majumbani mwa masheikh, na mwanafunzi aliyekwisha kuvimaliza vitabu vya awali aliwafuata walimu wakubwa zaidi popote walipokuwa, akakaa nao, akasoma mbele yao kitabu baada ya kitabu, hadi akapewa ijaza, ambayo ni idhini ya mwalimu kwamba mwanafunzi wake sasa anaweza kuwafundisha wengine kile alichokisoma. Sheikh Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Zanzibar mwaka 1925, alikuwa mmoja wa makadhi waliosifika zaidi katika Zanzibar ya zama zake, na elimu yake ilijengwa kwa safari za namna hiyo, Hadhramaut, Istanbul, Misri na Makka. Waingereza walipoweka mfumo wao wa mahakama hawakuwaondoa makadhi, bali waliibana mamlaka yao ikabaki katika ndoa, talaka, mirathi na mambo mengine ya kifamilia, na elimu iliyowatoa makadhi hao ikahesabiwa kuwa ni jambo la dini, nje ya kile ambacho serikali ilikiita taaluma ya sheria. Mgawanyiko huo ulikuwa na madhara ya muda mrefu, kwa kuwa hata chuo kikuu kilipoanzishwa hakikujengwa juu ya mapokeo hayo ya usomi, ingawa yalikuwa yamekwisha kuwapo mwambaoni kwa karne nyingi.

Kwa Waafrika waliotaka kuingia katika mahakama za Kiingereza zenyewe, mlango ulikuwa mwembamba mno. Chuo cha Makerere, Uganda, kilifundisha udaktari, kilimo na ualimu, lakini hakikufundisha sheria, na sababu haikuwa ukosefu wa fedha peke yake. Watawala walikuwa wameona India na Afrika Magharibi jinsi mawakili walivyogeuka kuwa viongozi wa harakati za kudai uhuru, nao hawakutaka kuuzaa upinzani wao kwa mikono yao wenyewe. Chiedo Argwings-Kodhek, anayehesabiwa kuwa wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya, alipelekwa Uingereza kwa masomo mengine na huko ndiko alikogeukia sheria. Njia aliyoipita ndiyo waliyoipita wengi wa kizazi chake, nayo ilikuwa kujiunga na kimojawapo cha vyama vinne vya kale vya mawakili wa London, Inner Temple, Middle Temple, Lincoln's Inn na Gray's Inn, ambavyo vilikuwa na haki ya kumwita mtu katika uwakili baada ya kufaulu mitihani yao na kuhudhuria idadi maalumu ya karamu za jioni katika kumbi zao. Karamu hizo hazikuwa starehe za pembeni, bali zilikuwa sehemu ya masharti, kwani ndizo zilizothibitisha kwamba mwanafunzi amekaa miongoni mwa mawakili na kuzijua desturi zao. Mwanafunzi wa namna hiyo aliweza kurudi Nairobi au Dar es Salaam akiwa wakili kamili bila kuwa na shahada yoyote ya chuo kikuu, akiijua vyema sheria ya ardhi ya Uingereza, na bila kufundishwa neno lolote kuhusu ardhi ya ukoo, mahari, au mamlaka ya mtemi.

Kasoro hiyo ndiyo iliyoishughulisha kamati iliyoongozwa na jaji wa Kiingereza, Lord Denning, iliyotoa ripoti yake mwaka 1961 kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika. Kamati iliona kwamba Uingereza iliwafundisha mawakili wa kusimama mahakamani tu, huku kazi nyingine za kisheria zikifanywa na kundi jingine la wanasheria, ilhali Afrika Mashariki mtu mmoja alifanya kazi zote hizo; na kwamba mafunzo ya London hayakugusa sheria ambazo mwanasheria angekutana nazo nyumbani. Pendekezo lake, ambalo lilikubalika haraka kuliko ilivyotarajiwa kwa sababu uhuru wa Tanganyika ulikuwa umekaribia, lilikuwa kuanzisha mafunzo ya sheria katika Afrika Mashariki yenyewe, na Dar es Salaam ikateuliwa kuwa makao yake.

Kitivo kilichofunguliwa mwaka huo kilikuwa kidogo sana. Wanafunzi wa kwanza hawakufika 20, mkuu wa kitivo alikuwa A.B. Weston, na miongoni mwa walimu walikuwamo vijana kama William Twining na Patrick McAuslan, ambao baadaye walipata majina makubwa katika usomi wa sheria duniani. Chuo kilikuwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichogawa taaluma kati ya nchi tatu, Makerere ikibaki na udaktari, Nairobi ikichukua uhandisi, na Dar es Salaam ikikabidhiwa sheria kwa niaba ya wote. Mwaka 1964 chuo kilihamia kwenye kilima kilicho nje ya mji, mahali ambapo wenyeji wa jiji walizoea kupaita Mlimani. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha wanasheria wa Kenya na Uganda waliosoma Afrika Mashariki kilisomea Dar es Salaam, na undugu uliotokana na hali hiyo ulikuja kuwa na matunda baadaye. Tatizo kubwa la miaka hiyo lilikuwa vitabu, kwa kuwa vya kiada vilivyoihusu sheria ya nchi hizi karibu havikuwapo, na walimu walilazimika kukusanya hukumu, sheria zilizotungwa na taarifa za serikali, kisha kuzichapa kwa stensili na kuwagawia wanafunzi.

Tatizo la pili lilikuwa walimu wenyewe, ambao katika miaka ya mwanzo walikuwa takriban wote wageni, wengine wakilipwa na serikali zao au na mashirika ya nje. Uhuru wa kitivo usingekamilika mpaka wahitimu wake waweze kukifundisha, na mhitimu hakuweza kuwa mhadhiri bila shahada ya uzamili. Ndipo ulipowekwa utaratibu ambao vyuo vikuu vya Tanzania vinautumia hata sasa, wa kumchagua mhitimu aliyefanya vizuri kuliko wenzake, kumwajiri kama mkufunzi msaidizi, yaani mwalimu wa ngazi ya chini kabisa anayeongoza semina chini ya uangalizi wa mhadhiri, kisha kumpeleka kusomea shahada ya pili. Kwa kuwa shahada hiyo katika miaka hiyo ilikuwa bado inatafutwa ng'ambo, karibu kila mwalimu wa sheria wa kizazi cha kwanza alipitia London, Oxford, Harvard au Yale. Yash Ghai, Mkenya aliyejiunga na kitivo katika miaka yake ya mwanzo na baadaye kuwa mkuu wake, alikuwa amesoma Oxford na Harvard. Issa Shivji alipata shahada ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1970, na mwaka uliofuata akapata shahada ya uzamili katika London School of Economics.

Njia ya H.W.O. Okoth-Ogendo, Mkenya aliyehitimu Dar es Salaam, inaonyesha vizuri zaidi jinsi mfumo huo ulivyofanya kazi. Mwaka 1972 alipata Oxford shahada iitwayo BCL, ambayo kwa jina inaonekana kuwa ya kwanza lakini kwa hadhi ni ya uzamili, kwa kuwa desturi za chuo hicho zimelihifadhi jina la zamani. Na mwaka 1978 akapata Yale shahada ya JSD, iliyo daraja la uzamivu katika mfumo wa Marekani. Tasnifu yake ya Yale ilichunguza jinsi sheria ya ardhi ilivyotumika Kenya tangu 1895 kuwanyang'anya watu umiliki na kuwafanya wapangaji katika nchi yao, na ndiyo iliyozaa kitabu chake *Tenants of the Crown* kilichochapishwa mwaka 1991. Kazi hiyo inatosha kukanusha dhana kwamba kila aliyesoma ng'ambo alirudi na mawazo ya ng'ambo. Hata hivyo, lipo jambo ambalo kipaji cha mtu mmoja hakiwezi kulifuta: tasnifu kuhusu ardhi ya Kenya ilisimamiwa na kutahiniwa Connecticut, Marekani, na Mkenya mwenzake aliyetaka kuisoma kabla haijawa kitabu alihitaji kuitafuta huko. Usomi wa namna hiyo hulimbikiza maarifa katika maktaba ya mbali, na wanafunzi wa nyumbani huyapokea kwa kuchelewa, pengine kwa zaidi ya muongo mmoja.

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, na kila nchi ikapata chuo kikuu chake. Makerere ilikuwa imekwisha kuanza kufundisha sheria mwaka 1968, na Nairobi ikafungua kitivo chake mwaka 1970, hivyo Dar es Salaam haikuwa tena peke yake. Jambo hilo lingeweza kuidhoofisha, lakini kwa upande wa shahada za juu matokeo yalikuwa kinyume, kwa sababu Mlimani ndiko kulikokuwa na walimu wengi zaidi wa fani hiyo, jarida la kisheria, *Eastern Africa Law Review*, lililoanza mwaka 1968, na zaidi ya yote hoja iliyofanya masomo hayo yawe na maana. Willy Mutunga, Mkenya aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa nchi yake kuanzia 2011 hadi 2016, alipata shahada zake mbili za mwanzo, ya kwanza na ya uzamili, Dar es Salaam, kisha akarudi Nairobi kufundisha. Kwamba Mkenya aliisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam badala ya London lilikuwa jambo jipya katika historia ya sheria ya eneo hili, na linastahili kupewa uzito kuliko linavyopewa kwa kawaida.

Hoja iliyowavuta wasomi hao ilizaliwa na hali ya nyakati. Mwaka 1966 wanafunzi mia kadhaa walifukuzwa chuoni baada ya kuandamana kupinga masharti ya jeshi la kujenga taifa. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa. Na katika miaka iliyofuata Mlimani ikawa mahali ambapo wanahistoria kama Walter Rodney, wachumi, wanasiasa na wanasheria walibishana usiku na mchana juu ya ukoloni, matabaka na ujamaa. Kitivo cha Sheria hakikujitenga na mabishano hayo. Kilikuwa na somo la pamoja kuhusu jamii na uchumi wa Afrika Mashariki, lililomlazimisha mwanafunzi wa sheria kusoma historia na uchumi wa nchi kabla ya kusoma mikataba na makosa ya jinai, na mwaka 1967 kikaunda kamati ya msaada wa kisheria iliyowahudumia watu wasioweza kumlipa wakili. Fikra iliyoongoza mambo hayo ilikuwa kwamba sheria haiwezi kueleweka kwa kusomwa vifungu peke yake, bali kwa kuulizwa ilitungwa lini, na nani, kwa manufaa ya tabaka gani, na iliwafanya nini wale walioguswa nayo. Katika shahada ya kwanza fikra hiyo ilibaki namna ya kufundisha, kwani mwanafunzi bado alipaswa kufaulu mitihani ya masomo yale yale ya kawaida. Nguvu yake ilidhihirika katika tasnifu, ambako mtafiti alikuwa na miaka ya kukaa na swali moja na nyaraka za kulijibu.

Mfano bora kuliko yote ni tasnifu ya uzamivu ambayo Shivji aliikamilisha Dar es Salaam mwaka 1982, iliyotoka kama kitabu mwaka 1986 kwa jina *Law, State and the Working Class in Tanzania*. Somo lake lilikuwa kazi ya ujira na sheria za kazi Tanganyika tangu miaka ya 1920 hadi 1964, na mtu aliyezoea vitabu vya sheria vya Kiingereza angeshangaa kuona ni mambo gani yaliyohesabiwa humo kuwa ushahidi. Mashamba ya mkonge yalihitaji watu, na watu hawakutaka kuacha mashamba yao ya chakula. Kwa hiyo sheria ilitumiwa kuziba pengo hilo, kodi ikimlazimisha mwanamume atafute fedha, na sheria ya mabwana na watumishi wa kienyeji ya 1923 ikimfanya mfanyakazi anayetoroka kazini awe mhalifu wa kutozwa faini au kufungwa, wala si mtu aliyevunja mkataba tu. Manamba, yaani vibarua walioandikishwa mikoa ya mbali na kusafirishwa hadi mashambani, waliandikishwa kwa wingi kupitia SILABU, wakala wa wenye mashamba ya mkonge ulioanzishwa katika miaka ya 1940. Nacho kipande, kadi iliyowekwa alama kwa kila siku ya kazi mpaka zitimie siku 30 ndipo ujira ulipwe, kiliweza kumweka mtu kazini muda mrefu kuliko mwezi mmoja wa kalenda, kwa kuwa siku ambayo hakumaliza kazi aliyopangiwa haikuhesabiwa.

Kutoka huko tasnifu iliwafuata makuli wa bandari ya Dar es Salaam katika migomo ya 1939, 1943 na 1947, ikaeleza jinsi wafanyakazi wasio na chama walivyolazimisha serikali kutunga sheria ambazo yenyewe haikuwa imezikusudia, na ikafika kwenye vyama vya wafanyakazi vya miaka ya 1950 na shirikisho lao lililoundwa 1955, hadi mwaka 1964, ambapo baada ya maasi ya wanajeshi serikali huru ilivivunja vyama hivyo na kuweka badala yake chama kimoja, NUTA. Mwisho huo ulihitaji ujasiri, kwa sababu uliipima serikali ya wananchi kwa kipimo kile kile kilichotumika kwa serikali ya kikoloni. Kazi hiyo ilihitaji nyaraka za taifa, majalada ya idara ya kazi, na watu waliokuwa wangali hai wakikumbuka, mambo ambayo yote yalikuwa Dar es Salaam na si London. Na ilihitaji pia wasimamizi na watahini waliokubali kwamba mgomo wa makuli ni sehemu ya historia ya sheria. Hapo ndipo thamani ya kuwa na shahada za juu nyumbani ilipojitokeza waziwazi. Mtafiti yule yule aliteuliwa mwaka 1991 kuongoza tume ya rais kuhusu masuala ya ardhi, ambayo ripoti yake ilipendekeza kwamba umiliki wa mwisho wa ardhi uondolewe mikononi mwa serikali kuu. Pendekezo hilo halikukubaliwa katika sheria mbili za ardhi za mwaka 1999, lakini mjadala wote kuhusu sheria hizo uliendeshwa kwa maswali ambayo usomi wa Mlimani ulikuwa umekwisha kuyaweka mezani.

Kitivo chenyewe kilifahamu mipaka ya njia yake. Mwaka 1986, kilipotimiza miaka 25, kilitoka kitabu kilichohaririwa na Shivji kuhusu ukomo wa itikadi kali katika kufundisha sheria, na Josaphat Kanywanyi akaandika historia ndefu ya kitivo iliyochapishwa katika jarida lake mwaka 1989. Wasomi hao walikiri kwamba wahitimu wengi, licha ya kufundishwa kuitilia sheria shaka, walikwenda kuitumia kama ilivyo katika ofisi za serikali na mashirika ya umma. Ungamo hilo halipunguzi thamani ya tasnifu zilizoandikwa, lakini linaeleza kwa nini athari yake ilikuwa kubwa vitabuni kuliko mahakamani.

Athari nyingine ilivuka bahari, na hiyo ni nadra katika historia ya vyuo vya Afrika. McAuslan alipoondoka Dar es Salaam alijiunga mwaka 1968 na kitivo kipya cha sheria cha Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, na baadaye walimu wengine wa zamani wa Mlimani, wakiwamo Sol Picciotto, Twining na Ghai, walipitia huko pia. Warwick ikajulikana kwa kufundisha sheria katika mazingira yake ya kijamii, na ikaanzisha shahada ya uzamili ya sheria na maendeleo iliyowavuta wanafunzi kutoka Afrika na Asia. Mwanasheria wa Kitanzania aliyekwenda Warwick miaka ya 1980 alikutana, kwa kiasi kikubwa, na mtazamo uliokuwa umekomaa kwanza kwao.

Miaka hiyo ya 1980, hata hivyo, ilikuwa migumu. Baada ya vita vya Kagera na kuporomoka kwa uchumi, fedha za kigeni za kununulia vitabu na majarida zilikauka, maktaba ikabaki na matoleo ya zamani, jarida la kitivo likawa linachelewa kutoka, na walimu kadhaa wakaenda kufundisha kusini mwa Afrika walikolipwa vizuri zaidi. Chuo kilihitaji wafadhili wa masomo ya uzamivu, na kwa bahati njema mlango mmoja ulifunguka Ujerumani. Chris Maina Peter, aliyesoma shahada ya kwanza na ya uzamili Dar es Salaam, alipata uzamivu Konstanz na baadaye akawa mjumbe wa Tume ya Sheria za Kimataifa ya Umoja wa Mataifa. Palamagamba Kabudi, aliyepita njia hiyo hiyo Mlimani, alipata uzamivu wake Berlin. Tofauti na kizazi cha Oxford na Yale, hawa walikwenda ng'ambo wakiwa wamekwisha kuandika tasnifu moja nyumbani, na jambo hilo liliwapa msimamo thabiti zaidi mbele ya wasimamizi wao.

Kuanzia miaka ya 1990 masomo ya uzamili yalipanuka kwa haraka. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kiliwawezesha mahakimu na mawakili wa mikoani kusoma bila kuacha kazi, na vyuo vingine vikafuata. Mfumo wa kusoma kozi za darasani kwa muda, kisha kuandika tasnifu fupi, ukawa wa kawaida kuliko ule wa tasnifu ndefu peke yake. Umeleta watu wengi zaidi, na hilo ni jema, ingawa tasnifu ya miezi michache haiwezi kumpeleka mtafiti kwenye majalada jinsi ile ya zamani ilivyofanya. Stashahada ya uzamili inayotolewa na Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya 2007 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 2008, ni kitu kingine kabisa, kwani hiyo ni mafunzo ya vitendo ambayo kila mhitimu anayetaka kuwa wakili hulazimika kuyapitia, kama ilivyo kwa Kenya School of Law na Law Development Centre ya Kampala.

Mada za utafiti nazo zilibadilika pamoja na ramani ya taasisi. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilifanya kazi Arusha hadi 2015. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini huko huko tarehe 30 Novemba 1999, na Mahakama ya Afrika Mashariki ikazinduliwa mwaka 2001. Kisha ikaja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Bayreuth, kwa ufadhili wa shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, DAAD, vilianzisha kituo cha pamoja cha masomo ya uzamili ya sheria kinachowapokea wanafunzi kutoka nchi za Jumuiya na kushughulikia hasa sheria ya utangamano wa kikanda. Mkenya, Mrundi na Mnyarwanda wakakutana tena katika darasa moja Mlimani, jambo ambalo lilikuwa limekatika mwaka 1970, ingawa sasa walikutana katika ngazi ya uzamili.

Suala moja la zamani, la lugha, halijapata ufumbuzi. Mahakama za mwanzo, zilizoanzishwa kwa sheria ya 1963, huendesha mashauri kwa Kiswahili, na mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yanayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa jumla. Weston, mkuu wa kwanza wa kitivo, alikuwa amelijadili tatizo la kuandika sheria kwa Kiswahili tangu katikati ya miaka ya 1960. Pamoja na hayo, lugha ya kufundishia chuo kikuu imebaki Kiingereza, na mtafiti wa uzamili anayechunguza migogoro ya ardhi husoma majalada ya Kiswahili, huwahoji wanakijiji kwa Kiswahili, kisha hutafsiri kila kitu ili aandike tasnifu yake. Kazi ya kuyarudisha matokeo kwa waliohojiwa imefanywa kwa kiasi fulani nje ya masharti ya shahada, na asasi kama HAKIARDHI, iliyoanzishwa mwaka 1994 na wasomi waliotoka katika kitivo hicho hicho, ambayo imekuwa ikichapisha vijitabu vya Kiswahili vinavyowaeleza wanakijiji haki zao chini ya sheria za ardhi za 1999.